FM: Redio Iliyoshinda Kelele, Kisha Ikasubiri Miaka Thelathini

Aliyesema FM haifai hakukosea hesabu. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa wanaposoma historia ya redio hii, na asiyelielewa hilo ataishia kusimulia kisa cha mvumbuzi mwema na matajiri wabaya. Februari 1922, John Carson wa kampuni ya simu ya AT&T alichapisha makala katika jarida la Taasisi ya Wahandisi wa Redio ya Marekani. Alikokotoa nini hutokea unapobeba sauti kwa kubadili kasi ya mtetemo wa wimbi, yaani FM, akahitimisha kwamba njia hiyo huharibu sauti bila kuleta faida yoyote ya kufidia. Wahandisi wakaisoma, wakaridhika, wakaendelea na shughuli zao. Desemba 26, 1933, Edwin Howard Armstrong wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akapewa hataza, yaani haki za kisheria za uvumbuzi, za mfumo uliojengwa juu ya njia hiyohiyo iliyokataliwa, na sauti iliyotoka humo ilikuwa safi kuliko chochote kilichokuwa kimewahi kusikika redioni.

Carson alikuwa sahihi. Armstrong naye alikuwa sahihi. Walikuwa wanajibu maswali mawili tofauti.

Tuanze na kelele zenyewe. Waliokua wakisikiliza matangazo ya masafa ya kati na masafa mafupi wanazijua vizuri: radi inapiga mbali huko na spika inakwaruza, jirani anawasha mashine na taarifa ya habari inamezwa na mvumo. Kituo cha redio hurusha wimbi linalotetema mara maelfu au mamilioni kwa sekunde. Wimbi hilo lenyewe halina habari yoyote, ni mbebaji tu. Ili libebe sauti ya mtu lazima libadilishwe kwa namna fulani. Katika AM kinachobadilishwa ni nguvu ya wimbi: linakuwa kubwa na dogo kwa kufuata sauti. Katika FM nguvu haiguswi, na kinachopanda na kushuka ni kasi ya mtetemo. Chukua mwimbaji aliyeshikilia noti moja. Akipaza na kupunguza sauti bila kuhama noti, hiyo ni AM. Akibaki na ukubwa uleule wa sauti huku akiipandisha na kuiteremsha noti, hiyo ni FM.

Sasa radi, injini za magari na swichi za umeme hutoa nguvu ya ziada inayolipanda wimbi njiani. Redio ya AM haina namna ya kujua ipi ni nguvu ya mtangazaji na ipi ni ya radi, kwa sababu imeundwa kusoma nguvu tu. Inazitoa zote mbili kwenye spika. Kuongeza nguvu za mtambo kulisaidia kidogo, na ndiyo dawa iliyotumika miaka yote ya 1920, lakini msikilizaji wa mbali na msikilizaji wa msimu wa mvua waliendelea kuteseka.

FM ilikuwa inajulikana kama wazo tangu mapema, ila waliolifuatilia walikuwa na tamaa nyingine kabisa. Vituo vilikuwa vinaongezeka na nafasi hewani inapungua. Baadhi ya wahandisi walifikiri hivi: nikiyumbisha kasi ya mtetemo kidogo tu, tuseme hezi mia moja, yaani mitetemo mia kwa sekunde, huku na mia moja kule, kituo changu kitachukua kijinafasi chembamba sana, na vituo vingi vitabanana bila kugongana. Hilo ndilo Carson alilolivunja. Alionyesha kwamba hata uyumbishe kidogo namna gani, wimbi linalobeba sauti huchukua angalau upana uleule wa AM, na ukiyumbisha kidogo mno unapata sauti mbovu juu yake. Kwa swali la kubana nafasi, jibu lake lilikuwa la mwisho. Swali la kelele hakuwa ameligusa kwa undani, na wasomaji wake wakachukua hukumu ya jambo moja wakaipaka jambo zima.

Armstrong hakuwa mtu wa kuheshimu hisabati kuliko alichokiona kwenye meza yake. Alizaliwa New York mwaka 1890, akakulia Yonkers, na utotoni alipanda minara ya antena aliyoijenga mwenyewe nyumbani. Mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Columbia, aligundua namna ya kurudisha sehemu ya mawimbi yanayotoka kwenye valvu, kifaa cha kioo cha kukuza mawimbi ya umeme, ili yapite tena humo na kukuzwa upya, mara nyingi kwa sekunde. Redio zilizokuwa zinanong'ona kwenye visikizi vya masikioni zikaanza kusikika chumba kizima. Valvu yenyewe ilikuwa ya Lee de Forest, aliyeitengeneza mwaka 1906, na de Forest akadai kwamba mzunguko huo pia ni wake. Kesi iliendelea karibu miaka ishirini. Mwaka 1934 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa ushindi de Forest, uamuzi ambao wahandisi wengi waliuona umepotoka kiufundi. Mwaka huohuo Armstrong alikwenda kwenye mkutano wa Taasisi ya Wahandisi wa Redio kurudisha nishani waliyokuwa wamempa kwa uvumbuzi huo. Wakakataa kuipokea.

Katikati ya hayo, akiwa ofisa wa jeshi mjini Paris mwaka 1918, alibuni mfumo wa superheterodaini. Kumbuka jina hilo. Badala ya kujaribu kukuza kila kituo katika masafa yake, redio huzalisha wimbi lake la ndani, hulichanganya na lile linaloingia kwenye antena, kisha huchukua tofauti ya hayo mawili. Tofauti hiyo hubaki ileile kwa kituo chochote utakachochagua, hivyo vikuzaji hutengenezwa mara moja kwa masafa hayo tu na kufanya kazi hiyo vizuri. Karibu kila redio iliyouzwa madukani kwa miongo mingi baadaye ilifanya kazi kwa namna hiyo. Uvumbuzi mwingine aliuuza kwa RCA, kampuni kubwa ya redio ya Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa fedha na hisa, akawa tajiri na mwanahisa mkubwa wa kampuni hiyo. Mwaka 1923 alimwoa Marion MacInnis, aliyekuwa katibu wa David Sarnoff, bosi aliyekuwa anapanda ngazi pale RCA. Sarnoff na Armstrong walikuwa marafiki, na inasimuliwa kwamba ni Sarnoff aliyemwambia kwamba angetamani mtu amletee kisanduku kidogo cha kuondoa kelele redioni.

Armstrong alitumia miaka ya 1920 kuhangaika na kelele hizo bila mafanikio, kwanza pamoja na mwalimu wake Michael Pupin, kisha peke yake, katika maabara iliyokuwa chini ya jengo la Philosophy Hall pale Columbia. Alijaribu FM nyembamba kama wenzake na akakutana na ukuta uleule wa Carson. Ndipo akafanya kinyume. Badala ya kuyumbisha kidogo ili abane nafasi, akayumbisha kwa wingi. Akaiacha kasi ya mtetemo ipande na kushuka kwa makumi ya maelfu ya hezi, upana ambao kila mhandisi wa wakati huo angeuita ufujaji wa anga.

Kwa nini upana uondoe kelele? Hapa panahitaji kukaa kidogo. Redio ya FM ina sehemu inayoitwa kikomo, ambayo hukata vilele vyote vya wimbi vikawa na kimo kimoja. Nguvu ya ziada iliyoongezwa na radi hukatwa hapo. Wengi huishia hapa wakidhani wameelewa, lakini kikomo pekee hakitoshi. Kelele haziongezi nguvu tu, pia hulisukuma wimbi likawahi au likachelewa kidogo, na msukumo huo redio ya FM itausoma kama sauti. Ikiwa mtangazaji wako anayumbisha wimbi kwa hezi mia chache, msukumo wa kelele unakuwa mkubwa ukilinganisha na sauti yake, na umerudi ulikotoka. Ikiwa anayumbisha kwa hezi 75,000 kila upande, msukumo uleule wa kelele unakuwa kitu kidogo kabisa mbele ya yumbo la sauti. Baada ya kikomo, sehemu nyingine ya redio hugeuza yumbo kuwa sauti, na kelele zinabaki chini, hazisikiki. Kadiri unavyopanua ndivyo zinavyozama, mradi kituo kinafika kwako na nguvu kuliko kelele zenyewe. Kikishapungua kuliko hapo, FM huporomoka kwa ghafla. Ndiyo sababu ukitoka mjini kwa gari kituo kinasikika vizuri, vizuri, halafu kinakatika, tofauti na AM inayofifia polepole kwa kilomita nyingi.

Tabia hiyohiyo huleta jambo lingine lililowafurahisha wapangaji wa masafa: vituo viwili vya FM vikigongana katika masafa yaleyale, redio hushika kile chenye nguvu zaidi na kukinyamazisha kingine. Katika AM ungesikia vyote viwili vikipigana.

Ilibaki shida ya kuyumbisha kwa wingi bila mtambo kupoteza utulivu. Kioo cha kwatsi, fuwele inayotetema kwa kasi isiyobadilika na kushikilia masafa ya kituo, hakipendi kusogezwa. Armstrong aliacha kioo kitulie, akalichukua wimbi lake na kulisukuma mbele na nyuma kwa kiasi kidogo sana kwa kufuata sauti, hezi chache tu, kisha akalipitisha kwenye ngazi za valvu zinazozidisha masafa mara mbili, mara tatu, tena na tena, mpaka yumbo la hezi chache likawa la makumi ya maelfu. Meza zake zilijaa valvu kwa makumi. Binafsi naona ngazi hii ya kuzidisha ndiyo kazi ya ufundi iliyostahili sifa zaidi ya wazo lenyewe la upana, kwa sababu wazo bila mtambo uliotulia lingebaki karatasini.

Gharama ya upana ni nafasi. Kituo kimoja cha FM kinahitaji kilohezi 200, yaani hezi 200,000. Ukanda mzima wa masafa ya kati, tangu kilohezi 540 hivi hadi 1,600, ungetosha vituo vitano tu. Kwa hiyo FM ilibidi ipande juu, kwenye megahezi, yaani mamilioni ya hezi, ambako katika miaka ya 1930 kulikuwa na nafasi na wateja wachache. Huko juu mawimbi husafiri karibu sawa na mwanga: hayazunguki mlima, na kwa kawaida hayarudishwi na tabaka za juu za anga usiku kama yanavyofanya masafa ya kati. Unapata eneo dogo lenye sauti safi, na unahitaji mnara mrefu au kilima. Hewani pia kuna nafasi ya sauti zote hadi hezi 15,000, wakati AM ya siku hizo ilikata sauti nyembamba mapema sana. Matoazi ya muziki, mluzi, herufi "s" ya mtangazaji, vyote vilirudi.

Mwishoni mwa 1933 Armstrong alimwita Sarnoff maabara akamwonyesha. Sarnoff alikuja akitarajia kisanduku cha kubandika kwenye redio zilizopo, akakuta mfumo mzima mpya: mitambo mipya, masafa mapya, redio mpya kila nyumba. Hata hivyo RCA ilimruhusu kutumia mtambo wake juu ya jengo la Empire State, na Juni 1934 majaribio yakaanza. Mpokeaji aliwekwa Westhampton Beach, Long Island, zaidi ya kilomita 100 kutoka New York. Muziki wa kinanda ulirushwa kwanza kwa AM, ukaja na mikwaruzo, kisha kwa FM, ukaja peke yake. Baadaye walihamishia redio Haddonfield, New Jersey, mbali zaidi, na bado ikasikika. Aliweza hata kutuma vitu kadhaa kwa wimbi moja kwa wakati mmoja, vipindi vya redio pamoja na telegrafu na picha za ukurasa wa gazeti.

Onyesho lililowaduwaza wataalamu lilikuja Novemba 5, 1935, mbele ya Taasisi ya Wahandisi wa Redio jijini New York. Armstrong alisoma mada yake kwa sauti yake ya taratibu, kisha akawasha redio. Rafiki yake C. R. Runyon alikuwa nyumbani kwake Yonkers na mtambo mdogo wa megahezi 110. Ukumbi ulisikia maji yakimiminwa kwenye glasi, karatasi ikikunjwakunjwa na kuchanwa. Kwa redio ya AM ya wakati huo, karatasi ikikunjwa mbele ya maikrofoni ilisikika kama moto unaokula kichaka. Hapa ilisikika kama karatasi. Kati ya sauti moja na nyingine palikuwa kimya kabisa, na wahandisi waliokuwa wamezoea mvumo wa kudumu kwenye spika hawakuwa na uhakika kama redio bado imewashwa.

Wakati huo RCA ilikuwa tayari imemwambia atoe vifaa vyake Empire State. Nafasi ile ilitakiwa kwa televisheni, na mwaka huohuo wa 1935 kampuni ilitangaza dola milioni moja kwa majaribio ya televisheni. Hapa ndipo simulizi nyingi humgeuza Sarnoff kuwa adui wa redio. Mimi naona hesabu yake ilikuwa rahisi zaidi. RCA iliuza redio za AM, kampuni yake tanzu NBC ilimiliki mitandao mikubwa ya AM, na FM ingeomba watu wanunue upya kile walichokuwa nacho. Televisheni ilikuwa kitu ambacho hawakuwa nacho. Kama una fedha za mradi mmoja, mfanyabiashara angechagua upi? Kosa lake halikuwa kuipa televisheni kipaumbele. Lilikuja baadaye, alipotaka FM pia bila kumlipa mwenyewe.

Armstrong akaamua kujenga kwa fedha zake. Juu ya majabali ya Palisades huko Alpine, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson, alisimamisha mnara wenye urefu wa takriban mita 130 na mikono mitatu mirefu ya kubebea antena, na mwaka 1939 kituo chake W2XMN kilikuwa kinatangaza kwa nguvu kubwa katika megahezi 42.8. John Shepard, mmiliki wa Yankee Network huko New England, akajenga kituo cha FM Paxton, Massachusetts. General Electric, Zenith na Stromberg-Carlson wakanunua leseni na kuanza kutengeneza redio. Mei 1940, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaruhusu FM ya kibiashara kuanzia Januari 1, 1941, katika masafa ya megahezi 42 hadi 50, njia arobaini, yaani nafasi arobaini za vituo. Mwaka 1941 ikaamua pia kwamba sauti ya televisheni itakuwa ya FM.

Uamuzi huo wa pili ndio uliozidisha moto. Sasa hata seti za televisheni za RCA zilihitaji uvumbuzi wa Armstrong. Tayari mwaka 1940 RCA ilikuwa imetaka kumpa dola milioni moja kwa mkupuo mmoja ili itumie hataza bila kulipa tena. Armstrong akakataa, kwa sababu kampuni zilizomwamini mapema zilikuwa zinalipa asilimia kwa kila seti, na kumpa RCA unafuu kungekuwa kuwadhulumu. Alikuwa na haki. Lakini dola milioni moja za 1940 zingemwondolea yote yaliyofuata, na sidhani kama kuna mtu aliyesoma kisa hiki ambaye hakuwahi kutamani angesaini.

Vita vikasimamisha ujenzi wa vituo. Armstrong aliliruhusu jeshi la Marekani kutumia hataza zake bila malipo, na redio za FM zikawekwa kwenye vifaru na magari, ambako kelele za injini zilikuwa zinaua mawasiliano ya AM. Redio ya mgongoni ya askari wa miguu, SCR-300, iliyotengenezwa na kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la Motorola, nayo ilikuwa FM.

Kisha ikaja Juni 27, 1945. FCC iliihamisha FM kutoka megahezi 42–50 na kuipeleka 88 hadi 106, baadaye 108. Vituo karibu hamsini na redio mamia ya maelfu zilizokuwa mikononi mwa watu zikawa hazina kazi, maana redio ya zamani haikuweza kushika masafa mapya. Walipewa muda wa kutangaza kote kuwili, na ukanda wa zamani ukafungwa mapema 1949.

Sababu rasmi ilikuwa ya kisayansi. Mhandisi Kenneth Norton alitoa ushahidi kwamba madoa ya jua yatakapofikia kilele, tabaka za juu za anga zitaanza kurudisha chini mawimbi ya megahezi arobaini na kitu, na vituo vya mbali vitagongana. Armstrong na wenzake walipinga hesabu zake, na baadaye ikaonekana kwamba alizidisha ukubwa wa tatizo. Kilichomuuma Armstrong zaidi ni kwamba sehemu ya ukanda uliosemekana haufai kwa FM ilipewa televisheni, ambayo huathirika na mgongano kuliko FM.

Hata hivyo nisingeandika, kama wengi wanavyoandika, kwamba ulikuwa njama tupu. Miruko ya anga katika masafa hayo ipo kweli, na wapenda redio wa leo huisikia kila kiangazi cha kaskazini. Njia arobaini zisingetosha nchi kubwa, na 88–108 ilitoa njia mia. Uhamisho ulikuwa na mantiki, ila ulifika wakati mbaya kuliko yote, na walioufurahia walikuwa walewale waliokuwa na fedha kwenye AM na televisheni. Kilichoididimiza FM pengine kuliko hata kuhamishwa ni kitu kisicho na mvuto wa kusimulia: wamiliki wa AM walioomba leseni za FM walirusha vipindi vilevile vya AM kote kuwili, na hawakuwatoza wafadhili chochote cha ziada. Nani atanunua redio mpya ili asikie kile anachokisikia kwenye ile ya zamani? Mwishoni mwa miaka ya 1940 wamiliki walianza kurudisha leseni.

Mwaka 1948 Armstrong aliishtaki RCA na NBC. Mawakili wa upande wa pili walikuwa na kila sababu ya kuvuta muda: hataza za msingi zilikuwa zinamalizika mwisho wa 1950, na mapato yake yangekwisha wakati kesi haijaanza kusikilizwa. Mahojiano ya awali peke yake yaliendelea kwa miaka, na Sarnoff alishuhudia humo kwamba RCA na NBC zimefanya zaidi kuiendeleza FM kuliko Armstrong. Fedha zikaisha, mkewe akaondoka nyumbani. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1954, Armstrong alijiua, akiwa na umri wa miaka 63. Kituo cha Alpine kilizimwa mwezi uliofuata, lakini mnara upo hadi leo.

Marion aliziendeleza kesi zote. Na RCA alipatana kabla mwaka haujaisha, kwa kiasi kilichozidi kidogo dola milioni moja, karibu sawa na walichotaka kumpa mumewe mwaka 1940. Kampuni nyingine alizifuata moja moja. Mahakama ilimpa ushindi dhidi ya Emerson mwaka 1959, na kesi ya mwisho, dhidi ya Motorola, ilimalizika kwa ushindi wake mwaka 1967.

FM yenyewe ilipata maisha mahali ambapo haikutarajiwa. Mkutano wa Copenhagen wa 1948 uligawa masafa ya kati ya Ulaya, na Ujerumani iliyoshindwa vitani ikapewa machache kabisa. Wajerumani hawakuwa na budi, wakapanda juu. Kituo cha kwanza kilianza Munich mwishoni mwa Februari 1949, vingine vikafuata haraka, na viwanda vyao vikaanza kuweka FM kwenye redio za kawaida za sebuleni. BBC ilianza huduma ya kudumu ya FM kutoka Wrotham, Kent, Mei 2, 1955. Marekani ilisubiri mambo mawili: matangazo ya stirio, yaliyoruhusiwa na kuanza Juni 1, 1961, na kanuni ya FCC ya katikati ya miaka hiyo iliyowakataza wenye vituo katika miji mikubwa kurudia vipindi vya AM kwenye FM zaidi ya nusu ya muda. Ghafla walihitaji vipindi vipya na hawakuwa na bajeti, hivyo wakawaachia vijana wapige santuri nzima badala ya nyimbo fupi zilizovuma. Wasikilizaji wakawafuata, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 FM ilikuwa imeipita AM.

Kwetu Afrika Mashariki ilifika kama redio ya miji, pamoja na kulegezwa kwa sheria za utangazaji: Sanyu mjini Kampala mwaka 1993, Capital FM Nairobi mwaka 1996, na nyingine kibao baada yake. Zote ziko kati ya 87.5 na 108, ukanda uliotokana na uamuzi ule wa 1945 ambao sehemu kubwa ya dunia iliufuata. Japani haikuufuata. Kule televisheni ilikuwa imeshika megahezi 90 hadi 108, hivyo FM ikapewa 76 hadi 90, na ndiyo sababu ukinunua gari lililotumika kutoka Japani redio inagota kwenye 90 na vituo vingi vya mjini huvipati. Televisheni ya analojia ilipozimwa huko, waliongeza hadi 95, lakini magari ya miaka ya nyuma bado ni ya ukanda wa zamani.

Fundi atakuuzia kifaa kidogo cha kuchomeka kati ya waya wa antena na redio. Ndani yake kuna kioo cha kwatsi kinachozalisha wimbi la kudumu. Wimbi hilo linachanganywa na yanayotoka kwenye antena, na tofauti yake ndiyo inayoingia redioni. Ikiwa kioo ni cha megahezi 14, kituo cha 98.5 utakikuta kwenye 84.5, na vituo vilivyo juu ya 104 vitabaki nje hata ufanyeje, kwa hiyo uliza namba ya kifaa kabla ya kulipa. Mbinu hiyo ndiyo ile superheterodaini ya Paris, 1918.